Gari Yako Haikuharibikia Traki, Ilifika Ikiwa Imeharibika

Wiki ya tatu hii anko wangu ananiita "Muuaji wa Magari" kwa grupu ya familia. Mathee yeye amenyamaza tu, na kama umelelewa na mathee wa Kenya unajua kunyamaza kwake ni adhabu kushinda kiboko. Kosa langu ni hili: Ijumaa moja nilichukua Fielder yake, nikamwambia naenda kushuti video, nikairudisha Jumatatu bampa ya mbele ikiwa imeshonwa na nyaya za plastiki na gari nzima ikinuka breki zilizoungua. Sikumwambia video yenyewe ilikuwa ya siku mbili za traki.

Kwa kudanganya nimeomba msamaha, na bampa nitalipa. Lakini kuna sentensi moja anko ameiandika mara tano na siwezi kuimeza hata mkinitoa kwa grupu: "Traki iliharibu gari ya watu." Hapana. Gari ilifika traki ikiwa imeharibika. Ilikuwa imeharibika ikiwa imepaki pale kwetu chini ya mti. Ilikuwa imeharibika ikienda kanisani. Kitu pekee traki ilifanya ni kukataa kutuwekea siri.

Acha nieleze vile wikendi ilienda, ndio tusibishanie hewa.

Ilikuwa mzunguko mdogo wa lami nje ya Nairobi, Jumamosi na Jumapili, gari kama thelathini. Kama kichwani unaona Evo na GT-R za watoto wa mawaziri, pole. Kulikuwa na Vitz mbili, Demio, Fielder za kutosha kufungua kituo cha teksi, Subaru kibao (lazima), na Golf ya msee mmoja aliyefika na kiti cha mtoto bado kimefungwa nyuma. Huko hatujuani majina, tunajuana kwa gari. Mimi kwa siku mbili nilikuwa "Fielder ya Mathee", juu stika ya chama chao iko kwa kioo cha nyuma na sikuthubutu kuibandua.

Asubuhi unakaguliwa. Kila kitu kinachoweza kuruka ndani ya gari kinatoka: gurudumu la spea, jeki, chupa za maji. Mimi nilitoa mwavuli wa kanisa, sufuria mbili za chama na kiatu kimoja cha shosh. Wanaangalia mkanda, tairi, helmeti, wanatikisa betri kuona kama imefungwa. Halafu jamaa wa ukaguzi akaniuliza, "Mafuta ya breki yalibadilishwa lini?" Nikamjibu "juzi tu", kwa sauti ya mtu anayejua mambo. Wasee, sikuwa najua hata kifuniko chake kiko wapi.

Tukaingia gari tano tano. Raundi ya kwanza ni ya pole, nyuma ya gari la kuongoza. Raundi ya pili unaanza kuona njia. Ya tatu nikajiona Joginder Singh. Ya nne, mwisho wa ile barabara iliyonyooka, mshale ukiwa kama 110, nikakanyaga breki na mguu ukaenda chini kama nimekanyaga mkate. Nikakanyaga tena, ukafika sakafuni. Hakuna kitu. Nyuma yangu beshte yangu ameshika kamera na bado anacheka, juu hajui.

Nilipampu pedali, nikapata breki kidogo ya kuazima, nikashusha gia hadi 2 kisha L, injini ikalia, nikavuta breki ya mkono, tukatoka lami tukalima nyasi kama mita sitini na kugonga ukuta wa tairi kuukuu tukiwa na mwendo wa boda iliyobeba magunia. Bampa ikafunguka kama mdomo. Hakuna aliyeumia. Vijana wa bendera walitufikia kabla sijakumbuka kuzima injini. Beshte yangu akasema kitu kimoja tu: "Msee, hii ndio gari tulienda nayo Naivasha?"

Ndiyo. Hiyo ndiyo ilinifanya nikae kwa nyasi dakika kumi bila kuongea na mtu.

Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimewabeba mathee na wamama watatu wa chama kwenda ruracio Naivasha. Tulipita njia ya chini, ile inashuka Mai Mahiu, unapita kale kakanisa wafungwa Waitaliano walijenga wakati wa vita, kulia ni ukuta wa mlima na kushoto ni bonde lote la ufa limefunguka. Malori mbele, malori nyuma. Nilishuka mlima mzima nikiwa kwa D, mguu juu ya breki kutoka juu hadi chini. Karibu tufike chini pedali ikaanza kuwa laini laini, na mathee, ambaye hajawahi kushika usukani maishani, akauliza, "Mbona leo imekawia kushika?" Nikamwambia, "Ni uzito, mum, mko wengi." Wakacheka. Wakaendelea na wimbo wao.

Sasa anko, niambie. Kati ya hizo siku mbili, ni gani nilihatarisha gari ya watu? Ile nilikuwa na helmeti, na nyasi mita sitini mbele yangu, na ambulensi imepaki pale na dereva wake ndani? Ama ile nilikuwa na wamama wanne, lori la simiti nyuma, na upande wa kushoto hakuna kitu isipokuwa hewa?

Jioni ya Jumamosi tulitafutiwa fundi wa hapo senta, mzee wa miaka kama sitini, akafika na boda akiwa na spana ndani ya gunia la unga. Hakuuliza injini ni gani wala inatoa nguvu ngapi. Alifungua kale kachupa ka mafuta ya breki, akamulika na simu, akaniita.

"Kijana, hii ni nini?"

"Ni mafuta ya breki, Mzee."

"Hii ni strungi."

Na kweli, ilikuwa nyeusi kama chai bila maziwa. Akaniuliza ilibadilishwa lini. Safari hii nikasema ukweli, kwamba sijui. Akauliza gari ni ya mwaka gani, nikasema 2005. Akatikisa kichwa, akasema basi huenda haya mafuta yalikuja na meli.

Akanifunza kublidi. Mimi ndani, yeye chini na kamrija ka plastiki na chupa ya soda. "Kanyaga. Shika. Achilia. Kanyaga. Shika." Gurudumu moja baada ya lingine, akianza na la nyuma lililo mbali zaidi, mpaka strungi ikaisha na mafuta mapya ya rangi ya asali yakaanza kutoka bila mapovu. Ilichukua kama saa moja, kwa mwanga wa simu tatu, na nimejifunza zaidi kwa hiyo saa kuliko kwa kila video ya magari nimewahi kutengeneza. Nitarudi kwa hizo video.

Kitu Mzee alisema, na nimekihakikisha baadaye, ni hiki. Mafuta ya breki ya kawaida hunywa maji kutoka kwa hewa. Polepole, kila siku, hata gari ikilala. DOT 4 ikiwa mpya inatakiwa isichemke kabla ya nyuzi 230. Ikishanywa maji kama asilimia 3.7, kiwango kinashuka hadi nyuzi 155. DOT 3 ni 205 ikiwa mpya, 140 ikishalowa. Na yakichemka, yanatoa mvuke, na mvuke si kama mafuta: ukiufinya unafinyika. Kwa hivyo mguu wako unafinya mvuke badala ya kusukuma pedi, na pedali inaenda sakafuni. Pedi zako zinaweza kuwa mpya kabisa. Diski zinaweza kung'aa kama sahani. Haijalishi. Watengenezaji wengi wa magari wanashauri ubadilishe kila miaka 2. Ile ya kwetu ilikuwa karibu ipate kitambulisho.

Ongeza hesabu ya mwendo. Ukitoka 60 ukafika 120, mwendo umekuwa mara mbili lakini kazi ya breki imekuwa mara nne, na hiyo kazi yote inageuka joto. Mlima mrefu nao unafanya hivyo hivyo bila mwendo mkubwa, juu humpi breki nafasi ya kupoa. Mai Mahiu haijali kama wewe ni mkimbiaji au ni mwimbaji wa kwaya.

Naona wengine mmeanza kusema: basi wewe ulikuwa mjinga, sisi tunatunza. Sawa. Twende Jumapili.

Demio ya jamaa wa Rongai ilichemsha raundi ya tatu, moshi kila mahali, akadhani injini imeenda. Ikapoa nusu saa, tukafungua. Ndani ya rejeta ni maji ya mfereji, rangi ya kutu. Themostati haikuwepo. Haikuwa imeharibika, nasema haikuwepo, fundi wa mtaani aliitoa na kumwambia Kenya ni joto haihitajiki. Kila mtu hapo alicheka halafu kila mtu akanyamaza, juu nusu yetu tumewahi kuambiwa hivyo hivyo. Themostati ikitolewa, injini inakunywa mafuta na kukaa baridi ukienda pole, na rejeta iliyoziba inajificha nyuma ya hiyo baridi, hadi siku utaikimbiza. Halafu kofia ya rejeta ilikuwa imechoka springi. Hapa kwetu juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, maji wazi yanachemka kwa nyuzi kama 94, si 100. Kofia nzuri ndiyo inashikilia presha yasichemke mapema. Kofia ikichoka, unaendesha sufuria. Dada mmoja alikuwa na kofia ya ziada, akamuazima, Demio ikafanya raundi za pole mpaka saa kumi na ikarudi Rongai yenyewe.

Huyo dada nataka nimzungumzie. Vitz ya lita moja, nyeupe, gari ya kwenda sokoni. Alikuwa na kitabu cha mazoezi cha kurasa 48, ndani ameandika presha ya kila tairi kabla na baada ya kila zamu, juu tairi ikipata moto presha inapanda na anaipunguza kidogo. Alikuwa na kale kakalamu ka kupima maji kwa mafuta ya breki. Mafuta mapya, pedi mpya, tairi za mwaka jana. Akimaliza zamu anafanya raundi moja ya pole bila kugusa breki ili zipoe, anapaki, anaweka kigingi kwa gurudumu na havuti breki ya mkono, juu pedi za moto zikibana diski moja pahali pamoja zinaiharibu. Mimi nilikuwa navuta ya mkono kwa nguvu zote kila nikisimama, kama matatu imefika stage.

Saa tano hivi Jumapili, Subaru moja ya kelele sana iliwekewa bendera ya bluu. Bendera ya bluu inamaanisha kuna mwenye kasi nyuma yako, mpishe. Tuliokuwa kando tuliangalia nyuma kuona ni nani. Ni Vitz. Kwenye barabara iliyonyooka Subaru ilikuwa inampotea, lakini kila kona Vitz ilikuwa imeshikamana naye kama kupe, hadi ikabidi ampishe. Sijawahi kuona watu wazima wakipiga kelele hivyo kwa ajili ya Vitz.

Na kuhusu tairi: angalia ubavu wa tairi yako leo, kuna namba nne ndani ya kaduara karefu. 2314 inamaanisha wiki ya 23, mwaka 2014. Zangu za mbele zilikuwa 1415. Meno bado marefu, ningekuapia ni nzuri. Mpira ulikuwa umekauka ukawa kama soli ya kiatu cha shule.

Sasa ile Subaru ya kelele. Hii ndiyo sehemu sipendi kuandika.

Mwenyewe ni kijana wa miaka 22, ameweka ekzosi ya shilingi 70,000, ile ya kulipuka ukiachilia mafuta. Rimu, stika, kila kitu. Baada ya mchana kwa ile kona ndefu ya kulia tukasikia injini imeanza kugonga. Tok, tok, tok. Aliisimamisha, lakini ilikuwa imechelewa. Mzee alivuta kijiti cha oili, akakipangusa, akakirudisha, akakivuta tena. Kikavu karibu mpaka ncha. Oili ikiwa chini hivyo, ukiingia kona ndefu kwa mwendo inakimbilia upande mmoja, pampu inafyonza hewa, na beringi za injini zinasagana chuma kwa chuma. Sekunde chache zinatosha. Kijana hakuwa amepima oili tangu mwezi uliopita. Lita moja ya oili. Alikaa kwa tairi ya spea akalia, na mimi nikaenda kumpa maji, nikimwambia pole bro, itarekebishwa. Akaniangalia akasema, "Hiyo ekzosi niliona kwa video yako."

Nimetengeneza video tatu za ekzosi. Moja ilivuma kuliko kitu kingine chochote nimewahi kufanya. Sijawahi kutengeneza hata moja ya kijiti cha oili. Kwa hivyo kabla sijageukia watu wengine naanza na sisi wenye tunashika kamera: tumefunza vijana kwamba gari ni sauti. Tunajua kabisa kelele inauza na breki haziuzi, tukachagua kelele. Beshte yangu ana klipu yote ya mimi nikikosa breki, na mnajua vile ingeenda. Nitaiweka, lakini nitaiweka na ile saa moja ya kublidi nyuma yake, na hutairuka.

Wasee wa bypass, mko karibu. Najua mnasema traki ni ya masofti, mwanaume anajipima Southern Bypass saa nane usiku. Nimekuwa huko, nimewapiga picha, sijifanyi mtakatifu. Lakini hebu tuongee ukweli. Ile breki yangu ingepotea bypass badala ya traki, ingepotea mbele ya nani? Mbele ya mtu anayevuka pale upande wa Kibera akitoka shifti ya usiku. Mbele ya boda bila taa. Traki nilikosea na aliyelipa ni bampa. Huko kwenu ukikosea, analipa mtu ambaye hajui hata jina la gari yako. Halafu mnajificha polisi, mkimbizane, mseme mna kipaji. Ukiwa na kipaji, kuna saa inapima sekunde. Njoo upimwe na dada wa Vitz.

Na ninyi wa "hizo ni pesa za watoto wa matajiri", nitawaonyesha hesabu yangu bila kuficha. Kuingia siku mbili nililipa 5,000. Petroli 4,500. Pedi za mbele nilizobadilisha baadaye 3,500, na mafuta ya breki 900. Jumla 13,900, ukitoa chapo na madondo. Bampa ni juu na sitaihesabu, ni adhabu yangu. Si pesa kidogo, sijasema ni bure, na miezi mingi sina hata nusu yake. Lakini ni chini ya moja kwa tano ya ile ekzosi. Wenye mnanunua rimu kwa mkopo wa simu msiniambie habari ya umaskini.

Kuna hoja moja nawapa, juu ni ya kweli: bima. Soma karatasi yako ya bima, nyingi zinasema wazi hazilipi ukiwa kwa mashindano au kupima mwendo. Kwa hivyo traki ukigonga, ni wewe na mfuko wako. Hiyo ndiyo sababu hustahili kwenda na gari ambayo huwezi kumudu kuikunja, na hustahili, kama mimi, kwenda na gari ambayo si yako. Hapo anko ana pointi. Amepata moja.

Lakini yeye na wenzake wa rika lake wana swali wananidai jibu, na mimi pia nawadai. Mlitaka tujifunzie wapi? Nilisoma udereva. Nilipewa kagari kadogo nikasukuma juu ya ubao uliochorwa mji, mwalimu ananiuliza unaelekea wapi, najibu natoka nje ya mji, nashika leni ya kushoto. Nikapita. Kisha nikaendesha gari ya ukweli mara chache, gia ya kwanza hadi ya tatu, nikapewa leseni ya kubeba mathee kwenda popote Kenya. Hakuna siku hata moja mtu aliniambia: endesha 80, sasa simama kwa nguvu zako zote, usikie vile pedali inatetemeka. Hakuna aliyenifunza kushuka mlima kwa gia. Mara yangu ya kwanza kukanyaga breki kabisa kabisa ilikuwa traki, na hazikuwepo. Nchi inayozika zaidi ya watu 4,000 wa ajali kila mwaka inafunza breki kwa kagari ka kuchezea.

Na bado ni nchi ya magari, hiyo ndiyo inaniuma. Safari Rally ilianza 1953. Ilirudi kwa ubingwa wa dunia 2021, na kila mwaka Naivasha inajaa, wazee wanafunga ofisi, hata anko yuko pale na kofia na nyama choma, anasema vijana wa siku hizi hawawezi. Joginder Singh unayemsifu kila mwaka, anko, alishinda mara tatu, 1965, 1974 na 1976, na kabla ya yote alikuwa fundi, alikulia kwa gereji ya babake. Ile Volvo ya 1965 haikuwa mpya, ilikuwa imeshatumika mashindanoni. Alishinda kwa sababu alijua kila nati ya hiyo gari. Afrika Kusini wana Kyalami. Sisi tunaofanya hii kitu wikendi tunakodisha lami kwa masaa, tunafagia mchanga wenyewe saa kumi na mbili asubuhi, na tukirudi nyumbani tunaitwa wauaji.

Simwambii kila mtu awe mkimbiaji. Gari nyingi pale hazikuwa zinakimbizana hata kidogo, kila mtu na saa yake. Nasema kila mwenye leseni chini ya miaka mitano angepewa asubuhi moja tu ya lami tupu, akanyage breki mpaka gari ilie, aone imesimama wapi, arudie mara ishirini, halafu fundi kama yule Mzee amfungulie boneti. Shule za udereva zingefanya hivyo kwa uwanja wowote. Bei yake ni mafuta na koni za plastiki.

Mathee aliongea jana, kwa mara ya kwanza. Alikuwa anapika, hakuniangalia. Akauliza, "Hiyo siku ya Mai Mahiu, ilikuwa imeanza?" Nikasema ndiyo, mum. Akakoroga sufuria kwa muda mrefu. Akasema mamake Wambui ana Noah haijawahi kuangaliwa hicho kitu, niende Jumamosi. Funguo za Fielder bado anazificha.

Kwa hivyo anko, hii ni yako, na nimeweka pia kwa grupu. Desemba utabeba familia nzima kwa Premio hadi ushago, na kuna milima njiani. Lete gari Jumamosi nikiwa kwa Noah. Nitafungua kifuniko kimoja tu, dakika mbili, na dada wa Vitz amekubali kuniazima kalamu yake ya kupimia, ndio usiseme nimekuonea kwa rangi. Mafuta yakiwa sawa, niite Muuaji wa Magari hadi Krismasi na sitajibu. Yakiwa strungi, bampa ya mathee unalipa wewe.